Historia ya Marehemu Tirrick wa Sunnavoe, Aliyekataa Kushushwa Mlimani

Ndugu, majirani wa Sunnavoe, nyinyi mliovuka na kivuko cha asubuhi, Mchungaji, Daktari, na wewe Lowrie Pottinger uliyekaa juu ya mtambo wako wa kuchimbia kama jogoo badala ya kushuka ukasimama na wenzako, familia ya Halcrow inawashukuru kwa kupanda hadi huku juu, na inajua kwamba viatu vimelowa, na inajua pia kuwa wapo waliosema njiani kwamba farasi hasomewi historia. Waliosema hivyo wamesikika, upepo unatoka upande wao. Mlango wa nyumbani uko wazi na supu ya kondoo iko jikoni, anayetaka kutangulia atangulie, ila anayetangulia ndiye mwenye kuosha vyombo.

Marehemu Tirrick alizaliwa Jumapili, tarehe 26 Mei 1991, mlimani juu ya Sunnavoe, kisiwani Yell, katika Shetland, kijiji kizima kikiwa kanisani isipokuwa Osla Halcrow, aliyekuwa amekosana na mpiga kinanda na hivyo akawa na nafasi ya kwenda kuangalia farasi. Alikuwa mtoto wa tatu, binti, wa Sholma, jike mweusi mwenye uso mweupe, mali ya hayati Ertie Halcrow, mume wa Osla, na baba yake alikuwa Skerry, dume wa Lowrie, ambaye kila kiangazi aliachiwa kwenye malisho ya pamoja akafanya alichotaka, kama walivyokuwa wanaume wengi wa upande ule wa ghuba. Osla alimkuta amelowa chepechepe, amesimama kwa miguu minne isiyosikilizana, mdogo kiasi cha kudhaniwa mwanakondoo aliyepotelewa na sufu, na Ertie alipopanda baada ya ibada na suti yake ya Jumapili, alimtazama, akatikisa kichwa, akasema huyu hafiki Jumatano, asipewe jina, jina lisije likapotea bure. Osla akampa jina papo hapo. Alimwita Tirrick, kwa yule ndege mweupe mwembamba anayefika visiwani mwezi wa Mei na kumdonoa utosini kila apitaye karibu na kiota chake, awe mwizi, awe askari, awe Mchungaji, na Jumatano ilipofika Tirrick alikuwa anamfukuza mbwa.

Elimu yake aliianza Oktoba mwaka ule ule, alipoachishwa kunyonya, chini ya mwalimu Ertie, aliyemvisha hatamu ya kamba na kumfunga pamoja na mama yake, kwa kuwa farasi wa huku hufundishwa na mama yake, na binadamu hushika kamba tu ili aonekane ana kazi. Alijifunza kubeba, alijifunza kusubiri, alijifunza kufungua komeo la lango la bustani ya kabichi, somo ambalo hakuna aliyemfundisha, ila jambo moja alilikataa hadi mwisho wa maisha yake, nalo ni kuvutwa. Ukienda pembeni yake alikwenda nawe hadi baharini, ukitangulia mbele na kuvuta kamba alikaa kitako kama mbwa na kukutazama mpaka uone haya. Agosti 1994 alipelekwa kwenye maonyesho ya kilimo, akapimwa na mwamuzi aliyetoka bara, kusini, akaonekana ana inchi thelathini na moja kutoka ardhini hadi begani, yaani hafiki kiunoni mwa mwanamke wa kimo cha kawaida, na mwamuzi akasema udogo ni mzuri lakini kichwa ni kizito kama cha mzee wa kanisa, akamweka wa mwisho, na alipogeuka kumsifu wa kwanza, marehemu akamng'ata palipokuwa karibu. Ertie alitaka kuomba radhi, Osla akamzuia. Osla mwenyewe aliacha shule akiwa na miaka kumi na minne, na mpaka leo hajaona kuwekwa wa mwisho kukimzuia mtu kufanya kazi.

Kazi aliianza rasmi kiangazi cha 1995, akibeba kuni za udongo, ule udongo mweusi wa kinamasi tunaoukata kama matofali na kuuanika ukauke, kutoka mlimani hadi barabarani, vikapu viwili, kimoja kila ubavu, mahali ambapo trekta la Lowrie lilizama mara mbili na Lowrie mwenyewe mara moja. Alibeba mwani wa kurutubisha kabichi, alibeba nguzo za uzio, alibeba watoto wa shule ya Jumapili ambao leo ni watu wazima wenye vitambi wamesimama hapa, na katika kazi zote hizo alipumzika pale alipoona inafaa, alipoambiwa apumzike akaendelea. Hayati Ertie alipofariki, tarehe 17 Oktoba 2011, vikapu vilitundikwa, kuni zikawa zinaletwa kwa mtambo, na marehemu akastaafu akiwa na miaka ishirini, akarudi mlimani moja kwa moja, kiangazi na baridi, kama farasi wa huku walivyoishi tangu kabla ya makanisa. Kila asubuhi Osla alipanda kumwangalia, na akiulizwa anakwenda wapi alijibu anakwenda kuona kama amekufa, na inaelekea Tirrick naye alikuwa akisimama pale juu kwa sababu hiyo hiyo.

Kuhusu ndoa, Mchungaji atazame baharini kidogo. Marehemu aliishi na Njal, dume wa pili wa Lowrie, kuanzia Juni 1996, ndoa isiyofungwa popote na iliyodumu kuliko kadhaa zilizofungwa pale chini mbele ya watu wenye kofia mpya, na alijaliwa watoto wanne. Wa kwanza alizaliwa Aprili 1997 katika mvua isiyokatika na hakuimaliza wiki, wawili waliofuata walikwenda kusini kwa meli baada ya mnada wa Oktoba, na wa mwisho, Flekka, yuko pale ukutani akiwapa mgongo, msimchukulie vibaya, anaupa mgongo upepo na nyinyi mmesimama upande wa upepo. Waliomtangulia marehemu ni mama yake Sholma, aliyefariki Februari 2004, mumewe Njal, aliyefariki Septemba 2015, na yule mtoto wa mvua, na wote watatu wamelala humu ndani, katika ua huu wa mawe wa mviringo ambamo wazee wake Ertie walioteshea miche ya kabichi ili upepo usiing'oe, na ambao baadaye ulikosa kabichi ukapata farasi. Hakuna msalaba wala jina lililochongwa. Anayewajua anawajua.

Kuhusu ugonjwa, hapa familia inaomba masikio yenu, kwa sababu yamesemwa mengi kule kwenye kivuko. Marehemu hakuwa mgonjwa. Katika miaka thelathini na miwili aliugua mara moja tu, na ugonjwa huo aliletewa kwenye ndoo. Tarehe 22 Novemba 2018, Osla aliteleza kwenye barafu mlangoni kwake akimwaga majivu, akavunjika nyonga, akalala pale pale hadi Lowrie alipotazama ng'ambo ya ghuba na kuona bomba la jirani halitoi moshi, na huku kwetu bomba lisilotoa moshi asubuhi ndiyo simu ya dharura. Kivuko kilisubirishwa, hospitali ya Lerwick ikafanya kazi yake vizuri, na baada ya hapo Osla akapelekwa katika nyumba ya wazee ya mjini, apate nafuu, wakasema, wiki chache tu, katika chumba chenye joto ambamo mtu alikuja kumvisha soksi kabla hajaamua kama anataka soksi.

Mwanawe wa pekee, Gilbert, ambaye nyote mnamwita Gibbie, akaja kwa meli kutoka Aberdeen, anakofanya kazi ya ofisini, kutunza nyumba. Gibbie ni mtu mwema, hilo lieleweke kabla ya mengine, halewi, hapigi kelele, na kila Jumapili humpigia mama yake simu hata kama hana la kusema. Amezaliwa Sunnavoe, na utotoni mambo haya aliyajua kama anavyojua jina lake, lakini kuishi miaka mingi penye joto la ukutani humsahaulisha mtu kwamba wapo walioumbiwa baridi, na siku moja, akiwa dirishani na kikombe cha chai, alimwona Tirrick kule juu, kichwa chini, mkia upande wa upepo, theluji imemkaa mgongoni kama shuka, akaona aibu. Lowrie alimweleza kwamba theluji ikikaa mgongoni mwa farasi bila kuyeyuka ndiyo salama, maana yake joto liko ndani linakotakiwa, wa kuogopewa ni yule ambaye theluji inamyeyukia. Gibbie akajibu kwamba yeye hawezi kunywa chai huku ajuza wa miaka ishirini na saba amesimama nje kwenye theluji, na watu wangesemaje.

Hakumvuta, hilo alilikumbuka. Alimshusha kwa ndoo ya oti, ile nafaka ya kunenepesha farasi, akienda pembeni yake taratibu, hadi zizi la zamani la ng'ombe, akamtandikia majani makavu, akamfunika blanketi jekundu lenye vifungo, akampa oti asubuhi, oti jioni, tufaha mchana, na jua likitoka kidogo alimfungulia konde la majani mabichi nyuma ya nyumba, ambalo Ertie alilitia samadi maisha yake yote kwa ajili ya ng'ombe wa maziwa. Wenye kuwajua farasi hawa wamekwisha kuelewa. Tumbo lao limezoea majani magumu ya kinamasi na mwani wa pwani, ukilipa shibe, shibe inashuka miguuni, kwato zinawaka moto kwa ndani, na mfupa unageuka ndani ya ukwato kama ufunguo ndani ya kufuli.

Jumapili ya tarehe 16 Desemba alimpigia mama yake simu kule kwenye nyumba ya wazee, akamwambia asiwe na wasiwasi, Tirrick yuko ndani.

"Ndani wapi?" Osla akauliza.

"Zizini, Mama. Nimemtandikia vizuri. Sasa nyote wawili mko mahali pa joto, na mimi napata usingizi."

Osla akauliza anakula nini, akatajiwa. Akauliza anasimamaje.

"Huyo kapata mtindo mpya," Gibbie akasema, na alikuwa anacheka kidogo. "Anajiegemeza nyuma, miguu ya mbele kaitupa mbele, kama bibi anayetafuta kiti. Anastarehe."

Osla akasema maneno ambayo hayasomwi mbele ya Mchungaji, akakata simu, na simu iliyofuata akaipiga kwa Lowrie Pottinger, binamu wa Ertie, ambaye tangu kiangazi walikuwa hawasalimiani kwa ajili ya uzio na kondoo dume, kiasi kwamba hata siku ile alipomwokota kwenye barafu alimwokota bila salamu.

"Shemeji," akamwambia, "njoo unichukue."

Lowrie akauliza kama wamemruhusu.

"Wewe njoo na gari. Utanikuta nimevaa viatu."

Muuguzi mkuu alimsihi kwa adabu, akasema nyonga bado, akasema nje kuna baridi na humu kuna joto, na Osla akamjibu kwamba anashukuru, ila ameshaambiwa joto linafanya nini kwenye miguu. Walivuka kesho yake na kivuko cha mchana, Lowrie akiendesha na wote wawili wakitazama mbele, na Osla alipoingia zizini na chuma chake cha kutembelea alimkuta Daktari Fenwick, daktari wa mifugo, ambaye Gibbie alikuwa amemwita baada ya kuona marehemu hawezi tena kugeuka bila kuguna. Daktari alisema mifupa ya miguu ya mbele imegeuka, umri ni mkubwa, maumivu ni makali, na jambo la huruma ni sindano, leo. Gibbie alikuwa amekwisha kukubali na alikuwa analia.

"Mama, usimtese kwa ukaidi wako."

Osla alimtazama Tirrick, aliyekuwa amevaa lile blanketi jekundu kama mtu aliyelazimishwa harusi, akamuuliza Daktari kama anakula. Daktari akasema anakula.

"Basi hajaniaga," Osla akasema. "Nieleze la kufanya. La kumaliza nalijua."

Wapo waliosema ule ulikuwa ukatili, na baadhi yao wako hapa na wameletewa chai. Daktari Fenwick hakusema hivyo. Alieleza, bila kuona haya kueleza, kwamba oti iishe leo, nyasi kavu zilowekwe majini usiku kucha mpaka utamu utoke, kwato zipunguzwe kwa mbele, dawa ya maumivu asubuhi na jioni, sakafu iwe laini kuliko godoro, na akampa wiki moja, akasema asipoonyesha nafuu atarudi, na safari hiyo hatauliza kitu. Osla akasema asipoonyesha nafuu yeye mwenyewe atamshikia kichwa. Wakapeana mkono.

Ile sakafu laini haikununuliwa popote. Zamani, kabla ya mtu yeyote kuleta majani makavu kwa meli, mazizi ya Yell yalitandikwa vumbi la kuni za udongo, lile jeusi linalobaki chini ya rundo na ambalo siku hizi watu hulikanyaga wakilipita, na Lowrie alilileta siku nzima kwa trekta, bila salamu, likamwagwa hadi likafika magotini. Marehemu alipoingizwa humo, kwato za mbele zilizama, zikapata pa kulala, akahamisha uzito wake mbele kidogo kwa mara ya kwanza, akashusha pumzi iliyosikika hadi mlangoni alikokaa Osla kwenye kiti, mguu mmoja umenyooshwa, akiamrisha. Wiki ikapita, Daktari hakuitwa. Krismasi ikapita, Mwaka Mpya ukapita, na Gibbie aliloweka nyasi katika maji ya barafu kila jioni, mikono ikawa myekundu kama kaa aliyechemshwa, na hakulalamika, au alilalamika kwa sauti ya chini, na hilo jema aandikiwe.

Tarehe 16 Machi 2019 mlango ulifunguliwa. Marehemu alitoka, akalitazama lile konde la majani mabichi, hakuwa malaika, Osla akasimama katikati na fimbo, akatazamwa kwa jicho moja, kisha Tirrick akaishika njia ya mlimani polepole, akitafuta penye tope laini. Gibbie alisimama na mama yake hadi farasi akawa mdogo kule juu kuliko alivyokuwa.

"Haya, yeye amepanda," akasema. "Na wewe, Mama? Chumba bado wamekuwekea."

"Nitashuka Tirrick akishuka," Osla akamwambia, akaanza kupanda nyuma yake, akikaa kwenye kila jiwe lililokalika, na asubuhi yote iliishia humo. Chumba kile akapewa mtu mwingine, Mungu amzidishie, inasemekana anakipenda.

Kwa miaka mitano baada ya hapo, kila Jumapili, Gibbie alipiga simu na kuuliza hali ya Tirrick, na wote wawili walijua anachouliza. Tirrick alikuwa akiendelea vizuri. Alichechemea ardhi ilipokuwa kavu, alipoteza meno ya nyuma, alipoteza adabu aliyokuwa nayo kidogo, alimfukuza mbwa mpya kama alivyomfukuza wa zamani, na kila baridi ilipokuja watu wa kivukoni walisema hii haipiti, na kila majira ya kuchipua Osla alipita kivukoni kuwajulisha.

Mauti yalimfika tarehe 6 Aprili 2024. Osla alipopanda asubuhi ya Jumamosi hiyo alimkuta amelala upande wa nje wa ua huu, mgongo ukutani, mahali ambapo upepo haufiki, majani bado yako mdomoni, na theluji ya Aprili imemkaa ubavuni bila kuyeyuka, na mara hii haikuwa dalili ya salama. Hakukuwa na alama ya kuhangaika ardhini. Osla alikaa naye kwa muda, akamfumba macho, akashuka kunywa chai, akapiga simu mbili.

Gibbie aliteremka melini Jumapili asubuhi, na jikoni, mbele ya Lowrie na majirani waliokuja na mikate, alitoa wazo lake kwa upole, kwamba marehemu azikwe chini, katika lile konde la majani mabichi, udongo ni mwingi, mtambo unafika, watu hawatalowa, na Mama atakuwa anamwona dirishani. Kila mtu aliona ni wazo zuri. Lowrie naye akaliunga mkono, akisema mtambo ukipanda kule utazama na yeye hana mwingine. Kisha, kwa kuwa huku hakuna siri, na kila aliyekuwa mle alikuwa anajua Osla alisema nini mwaka 2019 kuhusu kushuka, kila mmoja akaanza kutazama kikombe chake.

"Ni kwa heshima tu, Mama," Gibbie akasema.

"Unamshusha maiti ili unishushe mimi mzima?"

Gibbie akawa mwekundu hadi shingoni. Akasema, "Mama, una miaka themanini na mitatu. Umelala kwenye barafu mara moja. Mara ya pili Lowrie anaweza kuwa amelala."

Hilo lilikuwa la haki, na Osla alilijua kuwa ni la haki. Akasema kwamba kweli, anaweza kufa kwenye barafu, mama yake Ertie alifia kwenye rundo la kuni na hakuna aliyelilaumu rundo, na kwamba kufa atakufa popote, hata kwenye soksi za kuvishwa, ila yeye anajua anapotaka kukutwa. Kisha akasema kama mtambo haupandi, koleo linapanda, na akawakatia watu mkate.

Gibbie alisimama, akavaa koti la baba yake, akachukua koleo la baba yake mlangoni, akatoka. Kaburi hili mnaloliona alilichimba peke yake tangu asubuhi hadi adhuhuri, juu barafu, chini maji, na Lowrie alimtazama kutoka ng'ambo ya ghuba kwa kadiri alivyoweza kuvumilia mtu mwenye mtambo, ambayo si kadiri kubwa, kisha akang'oa mbao za uzio wake mwenyewe, ule ule aliougombania na Osla, akazitandika kwenye kinamasi na kupanda. Mtambo ulizama mara moja tu. Jioni wawili hao walishuka na tope hadi kifuani, na Gibbie, alipokwisha kula, hakulitaja tena suala la chumba, akauliza mwaka huu udongo wa kuni unachunwa majani upande gani. Ule mstari mweusi mnaouona kule juu, mahali ambapo majani yameondolewa ili ukataji uanze Mei, ni kazi yake ya jana. Amechuna wa kutosha baridi moja. Osla amemwambia aongeze.

Familia inatoa shukrani kwa Daktari Fenwick, aliyetoa wiki moja, ikawa miaka mitano, na hakukasirika kukosea. Inawashukuru hospitali na nyumba ya wazee, ambao walifanya wema kwa mtu asiyeujua wema wa namna hiyo, na inawaomba radhi kwa vile alivyoondoka. Inawashukuru mabaharia wa kivuko kwa kusubiri mara mbili, mara moja mgonjwa akienda na mara moja akirudi kabla ya kupona. Inamshukuru Mchungaji, aliyesema hawezi kumsomea mnyama sala, akapanda hata hivyo, akavua kofia, na upepo huu ukiwa ndio huu, hiyo ni sala tosha. Inamshukuru Lowrie Pottinger kwa madume wawili, kwa vumbi jeusi, kwa kutazama mabomba ya watu asubuhi, na inamkaribisha ndani anywe supu, na Osla atamsalimia. Inamshukuru Gilbert mwana wa Ertie kwa kaburi. Ni la kina kizuri.

Asiyekuwepo leo, akija kuuliza yule kikongwe alikuwa na faida gani, aambiwe na waliokuwepo.

Tirrick, binti Sholma, lala huku huku juu. Wa kukushusha hayupo.